Homa siku tisa baada ya SP: uchambuzi wa kisa cha mjamzito mmoja mkoani Tanga

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kilitokea katika kituo kimoja cha afya mkoani Tanga, kwenye tambarare iliyo chini ya milima ya Usambara Mashariki, ambako nilikuwa muuguzi mkunga katika kliniki ya wajawazito. Mama mwenyewe ameridhia kisimuliwe. Jina lake, kijiji chake, umri wake kamili na jina la kituo vimeondolewa, na tarehe zote nimezigeuza kuwa wiki za ujauzito. Makosa yetu sikuyaondoa, kwa kuwa ndiyo yaliyonifanya niandike. Katika muda wa wiki chache tuliiamini dawa moja, SP ya kuwakinga wajawazito na malaria, kupita kiasi, kisha tukaikatia tamaa kupita kiasi, na mara zote mbili hatukuwa tumejiuliza kwa makini ni kazi ipi ambayo mabadiliko ya vinasaba vya kimelea huinyang'anya dawa hiyo, na ni ipi wanayoiachia.

Usuli

Mwaka 2001 Tanzania iliacha kutumia klorokwini kama dawa ya kwanza ya kutibu malaria na kuweka SP, yaani sulfadoksini pamoja na pirimethamini. Miaka mitano baadaye SP nayo ilikuwa imeshindwa, na mwishoni mwa mwaka 2006 ilianza kupisha dawa mseto ya artemetha na lumefantrini. Hata hivyo SP haikufutwa. Ilibaki kliniki kama kinga: mjamzito humeza vidonge vitatu kwa mkupuo mmoja mbele ya mhudumu, awe na homa au asiwe nayo, kuanzia miezi mitatu ya pili ya ujauzito, na dozi hurudiwa kila anapohudhuria mradi mwezi mmoja umepita tangu ile iliyotangulia. Ratiba hiyo ya kila hudhurio ilipendekezwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2012.

Mkoa wa Tanga umeujua usugu wa dawa hizi tangu zamani. Mapema katika miaka ya 1950, wakazi wa Mkuzi wilayani Muheza walipewa pirimethamini peke yake kila mwezi ili kujikinga, na baada ya miezi michache tu vimelea visivyoisikia dawa hiyo vilionekana. Mwaka 2009 matokeo yaliyochapishwa kutoka Korogwe yalionyesha kwamba SP ilikuwa imeshindwa kwa kiwango kikubwa kutibu watoto, na kwamba badiliko jipya lilikuwa limejitokeza katika nafasi ya 581 ya jeni ya kimelea iitwayo dhps, ile inayolengwa na sulfadoksini. Nilikuwa nimeyasikia haya kwenye semina. Kuyasikia ni jambo moja, na kuyakumbuka asubuhi ya kliniki yenye foleni ya akina mama arobaini ni jambo jingine.

Mama wa kisa hiki alikuwa na mimba ya kwanza. Hilo lina uzito wake. Mtu mzima aliyekulia Tanga ana kinga ya kiasi dhidi ya malaria, lakini kinga hiyo haijawahi kukutana na vimelea vinavyojishikiza kwenye kondo la nyuma, kwa sababu kondo lenyewe halikuwepo. Katika mimba ya kwanza vimelea hujificha humo kwa wingi, mara nyingine bila homa yoyote, huku mama akiishiwa damu na mtoto akikosa chakula cha kutosha. Katika mimba zinazofuata mwili huwa umejifunza kuvitambua, ingawa si kwa ukamilifu. Kipimo cha virusi vya UKIMWI kilikuwa hasi, kwa hiyo hakuwa anatumia kotrimoksazoli, ambayo haiendi pamoja na SP. Alikuwa na chandarua chenye dawa na alikilalia.

Mfuatano wa matukio

Alianza kliniki katika wiki ya 16 na kumeza SP ya kwanza siku hiyohiyo. Ya pili alimeza wiki ya 21, ya tatu wiki ya 26, zote mbele yetu na zote zikaandikwa kwenye kadi. Kila mara alipewa pia vidonge vya madini ya chuma vyenye asidi foliki kidogo.

Siku tisa baada ya dozi ya tatu alirudi akilalamika homa za jioni, kichwa na maumivu ya kiuno. Mimi ndiye niliyempokea. Nilifungua kadi, nikaona SP tatu zimejaa safu yake, nikamwambia kwamba malaria haiwezi kuwa, kwa kuwa kinga anayo. Sikupima. Tabibu wa zamu alikubaliana nami, akaandika dawa ya maambukizi ya njia ya mkojo kwa kufuata maelezo ya kiuno peke yake, na mama akaenda nyumbani.

Baada ya siku nane aliletwa na mama mkwe wake, akiwa anahema kwa kutembea hatua chache kutoka kwenye benchi. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Mama mkwe aliweka kadi mezani akasema, "Nesi, dawa zenu za kliniki mwanangu kazimeza zote, mbona homa haimwachi?" Swali lile lilistahili jibu bora kuliko tulilokuwa nalo. Kipimo cha haraka cha malaria kilikuwa chanya, hadubini ikathibitisha *Plasmodium falciparum*, na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ilikuwa gramu 8.1 kwa desilita. Mtoto alikuwa akicheza tumboni na mapigo yake ya moyo yalikuwa ya kawaida.

Kituo chetu wakati huo kilikuwa kikikusanya matone ya damu kwenye karatasi maalumu za kuchuja, ambazo hukaushwa na kupelekwa maabara ya utafiti kwa uchunguzi wa vinasaba vya vimelea. Mama aliombwa ridhaa, akakubali, na tone lake likakaushwa kabla hajameza dawa.

Tulipomuuliza kwa utulivu ni vidonge gani vingine anavyotumia, alitoa kwenye pochi karatasi ya vidonge vidogo vya njano. Jirani alimwambia vinaongeza damu, akavinunua duka la dawa, na tangu wiki ya 18 alikuwa akimeza kimoja kila siku. Vilikuwa asidi foliki ya miligramu 5.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza, yaani kumtibu kwa dawa mseto, haukuwa na mjadala mrefu. Alikuwa katika wiki ya 28, hakuwa na dalili za malaria kali, na dawa mseto inaruhusiwa. Mwenzetu mmoja alisita. Alikuwa amesoma habari za Kagera, ambako badiliko la R561H katika jeni ya kimelea iitwayo kelch13 limethibitishwa kuchelewesha kazi ya artemisinini, jamii ya dawa ambayo artemetha imo, kama lilivyoonekana Rwanda kabla yake, akahofia kwamba dawa mseto nayo ingegoma. Mganga mfawidhi alimjibu kwa hoja ambayo bado naiona sahihi: usugu huo ni wa sehemu, maana yake vimelea huchelewa kuondoka kwenye damu, na mgonjwa bado hupona ikiwa dawa mwenza iliyomo kwenye mseto ina nguvu na dozi imemezwa yote. Tulichopaswa kuhakikisha ni kwamba lumefantrini inaingia mwilini, na hiyo huhitaji chakula chenye mafuta. Mama aliagizwa ameze vidonge vinne mara mbili kwa siku kwa siku tatu, kila dozi baada ya uji wenye nazi au chakula kilichoungwa, na arudi siku ya tatu apimwe kwa hadubini. Alirudi, na vimelea havikuonekana.

Uamuzi wa pili ulihusu vidonge vya njano. Vilisimamishwa papo hapo na akaachiwa vile vya kliniki pekee. Asidi foliki ya miligramu 0.4 kwa siku haiidhuru SP, lakini miligramu 5 kwa siku hazipaswi kutolewa pamoja nayo, kwa kuwa dawa hii humuua kimelea kwa kumnyima foleti, kirutubisho ambacho asidi foliki ni aina yake, na sisi tulikuwa tunamletea foleti mlangoni.

Uamuzi wa tatu ndio uliotugawa. Siku ya 14 mhudumu mwingine, kwa nia njema, alirudia kipimo cha haraka, kikawa chanya, na habari ikasambaa kituoni kwamba SP imegoma na mseto nao umegoma. Ilibidi tukumbushane kwamba kipimo kile hutafuta protini ya kimelea, ambayo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Hadubini ya siku hiyohiyo ilikuwa hasi. Lakini hofu ilikwisha kuingia, na baadhi yetu tulipendekeza kwamba mama huyu asipewe SP tena, na hata kliniki nzima iache kuitoa. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliopendekeza. Mganga mfawidhi alikataa mambo yote mawili. Alisema kituo kimoja hakina haki ya kubadili mwongozo wa taifa kwa kisa kimoja, na kwamba hata kama vimelea vya eneo letu ni sugu, hatuna kitu kingine cha kumpa mama huyo kikiwa kinga. Dozi ya nne ilitolewa wiki ya 33.

Matokeo

Mama alijifungua katika wiki ya 38 kwa njia ya kawaida. Mtoto wa kike alilia mara moja na alikuwa na uzito wa kilo 2.4, chini kidogo ya kilo 2.5 ambazo ndizo mpaka wa uzito pungufu. Hemoglobini ya mama ilikuwa imepanda hadi 10.2. Sampuli ya damu ya kondo la nyuma haikuonyesha vimelea hai.

Majibu ya karatasi ya kuchuja yalifika mtoto akiwa ameanza kukaa mwenyewe. Vimelea vilivyokuwa kwenye damu ya mama katika wiki ya 28 vilikuwa na mabadiliko matatu katika jeni ya dhfr, nafasi za 51, 59 na 108, na matatu katika jeni ya dhps, nafasi za 437, 540 na 581. Jeni ya kelch13 haikuwa na badiliko lolote linalojulikana kuleta usugu.

Uchambuzi

*Mabadiliko sita yana maana gani*

Kimelea cha malaria hujitengenezea foleti ili kiweze kunakili vinasaba vyake na kuzaliana. Sulfadoksini hukizuia kimeng'enya kimoja katika njia hiyo, kinachotokana na jeni ya dhps, na pirimethamini hukizuia kingine kilicho mbele yake, kinachotokana na dhfr. Badiliko katika jeni hubadili asidi amino moja tu kwenye kimeng'enya. Katika nafasi ya 108 ya dhfr, kwa mfano, serini huondoka na asparajini hukaa mahali pake, na pale pirimethamini ilipokuwa ikikaa kwa kubana, sasa inapwaya, ilhali kimeng'enya kinaendelea na kazi yake. Hilo ndilo hutangulia; mabadiliko ya 51 na 59 huongezeka juu yake, na kila moja huhitaji dawa nyingi zaidi ili kimelea kizuiwe. Kwenye dhps hali ni hiyohiyo: la 437, kisha la 540, kisha, kwa bahati mbaya ya eneo letu, la 581.

Mkusanyiko huu hauko sawa kila mahali, na hapa ndipo wahudumu wengi hupotoka wanaposoma habari za nchi nyingine. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 ulilinganisha alama za vinasaba zilizo pembeni mwa dhfr na kuonyesha kwamba aina yenye mabadiliko matatu iliyoenea Afrika ilitoka Asia ya Kusini-Mashariki. Haikuzaliwa upya katika kila kijiji ambako SP ilitumika. Ilifika, ikapendelewa na dawa, ikaenea. Klorokwini ilikuwa na historia inayofanana na hiyo: usugu wake ulianzia mpakani mwa Thailand na Kambodia miaka ya 1950, ukaonekana Afrika Mashariki mwishoni mwa miaka ya 1970. Lakini dhps haikufuata mkondo mmoja. Badiliko la 540 limejaa Afrika Mashariki, ilhali Afrika Magharibi ni haba, na ndiyo sababu nchi za Saheli zinaweza kuwapa watoto wadogo SP pamoja na amodiakwini kila mwezi wa mvua na kinga ikaonekana. Mkunga wa Burkina Faso na mkunga wa Muheza wakitaja SP, wanataja vidonge vilevile lakini hawataji nguvu ileile. Kwa watoto wachanga wa Korogwe na Same, jaribio lililochapishwa mwaka 2009 lilionyesha kwamba SP haikuwakinga.

*Kwa nini basi haikuwa kosa kuendelea na SP*

Nilipoyasoma majibu ya maabara nilijiona nimethibitishwa: vimelea vina mabadiliko sita, dawa haina kazi, tungeiacha. Imenichukua muda kukubali kwamba hitimisho hilo lilikuwa na kasoro. Mabadiliko yale yanasema kwamba SP haikuweza kuviondoa vimelea vile, na kwamba kipindi cha kinga baada ya dozi kilikuwa kimefupika. Hayasemi kwamba mama hakufaidika na chochote. Jaribio kubwa lililofanyika Kenya, Malawi na Tanzania, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka 2023, liliwalinganisha wajawazito 4,680 waliopewa SP au dawa mseto nyingine, dihidroartemisinini na piperakwini, ikiwa peke yake au pamoja na azithromisini. Dawa hiyo mpya iliwakinga akina mama dhidi ya malaria vizuri zaidi, jambo lililotarajiwa. Lakini matokeo mabaya ya ujauzito yalikuwa machache katika kundi la SP. Inaonekana SP huwasaidia mama na mtoto kupata uzito kwa njia isiyopita kwenye malaria, huenda kwa sababu sulfa hupambana pia na bakteria. Kwa hiyo mganga mfawidhi alikuwa sahihi, ingawa siku ile hoja yake ilikuwa utii kwa mwongozo zaidi kuliko ushahidi huu.

Ni haki pia kutaja upande wa pili. Mwaka 2009 watafiti waliofanya kazi Muheza walieleza kwamba, palipo na vimelea vyenye badiliko la 581, SP ilihusishwa na maambukizi mazito zaidi ya kondo la nyuma, kana kwamba dawa ilifyeka vimelea dhaifu na kuviachia sugu nafasi. Utafiti wa baadaye nchini Malawi haukuliona jambo hilo. Siwezi kulipuuza, kwa kuwa Muheza ni hapa kwetu, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba SP isimpe mtu yeyote utulivu wa kutompima mama mwenye homa.

*Kilichokwama*

Kosa kubwa ni langu, na lilifanyika kabla jeni yoyote haijasomwa. Niliisoma safu ya SP kwenye kadi kama cheti cha kutokuwa na malaria. Kipimo kilikuwepo kabatini, kingechukua dakika kumi na tano. Siku nane zilipotea, na katika siku hizo damu ya mama ilishuka huku vimelea vikiwa kwenye kondo la mimba ya wiki ya 27, wakati mtoto anapohitaji kukua kwa kasi. Siwezi kudai kwamba gramu mia moja zilizopungua zilitokana na siku hizo nane, kwa sababu mtoto wa mimba ya kwanza huweza kuwa mdogo kwa sababu nyingine, lakini siwezi kujisafisha nazo.

La pili ni vidonge vya njano. Tulimwona mama huyu mara tatu wakati anavitumia na hatukumuuliza, kwa sababu kadi ina nafasi ya dawa tunazotoa sisi tu. Hapa pia ndipo kisa kinapokataa jibu la mkato: SP ilishindwa kwa sababu ya mabadiliko sita, au kwa sababu foleti ilikuwa nyingi mno? Mabadiliko peke yake yangetosha, na kwa foleti nyingi hata kimelea chenye mabadiliko machache kingeweza kustahimili. Yeyote atakayekitumia kisa hiki kama ushahidi wa usugu lazima ataje vyote viwili.

La tatu ni kipimo cha haraka cha siku ya 14, ambacho kilitaka kutuingiza kwenye uamuzi mkubwa kwa msingi usiokuwepo. Na kondo la nyuma halikuhifadhiwa kwa uchunguzi wa tishu, ambao ungeonyesha masalia ya maambukizi yaliyopita hata pale ambapo vimelea hai havipo. Lilifukiwa siku hiyohiyo.

*Kilichofaa*

Tone la damu lilichukuliwa kabla ya dawa, na bila hilo tungebaki na ubishi. Halikumsaidia mama huyu, wala halikukusudiwa hivyo, kwa kuwa uchunguzi wa vinasaba huliangalia eneo na si mgonjwa aliye mbele yako. Ufuatiliaji wa siku ya tatu kwa hadubini ulituokoa na hofu ya kelch13. Uji wa nazi nao ulikuwa na kazi yake.

Yaliyobadilika kituoni

Kila mjamzito mwenye homa sasa hupimwa, hata akiwa amemeza SP jana. Baada ya matibabu tunafuatilia kwa hadubini pekee. Pembeni mwa kadi tunaandika kwa kalamu dawa zote alizonunua mwenyewe, na tunamwomba aje nazo, maana majina husahaulika. SP inaendelea kutolewa.

Nilikwenda pia kwenye duka lile la dawa. Muuzaji alinisikiliza hadi mwisho, akafungua droo, akahesabu karatasi za vidonge vya miligramu 5 alizobakiwa nazo, na kuniambia kwamba wajawazito ndio wateja wake wakubwa wa vidonge hivyo na kwamba katika miaka yote aliyokaa nyuma ya kaunta ile hakuna mtu kutoka kituoni aliyewahi kwenda kumweleza. Kituo chetu kiko mita mia mbili kutoka dukani kwake.